Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kitanzi cha Propela, Bresi za Chini na Ada Zetu

Wanachama wenzangu, salamu kwenu nyote. Mambo ya kawaida mnayajua, siku za traki tulifanya nne, ukaguzi wa magari mara mbili na mafunzo ya breki mara moja. Hayo nayapita haraka kwa sababu kuna jambo moja limeleta maneno mwaka mzima na nataka nilieleze vizuri.

Ni ule uamuzi wa kamati kwamba gari yoyote yenye injini mbele na inayosukuma nyuma, kama imeongezwa nguvu, haiingii traki bila kitanzi cha propela, yaani pete ya chuma inayozunguka propela (ule mtaimbo unaopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi nyuma) ili ikikatika isianguke wala kupiga sakafu. Wengine mmesema mwenyekiti amekuwa mkali, wengine mkasema gari zenu tayari zina bresi za chini za kukaza bodi, sasa kitanzi cha nini tena. Jamani, bresi na kitanzi ni vitu viwili tofauti kabisa. Bresi kazi yake ni kuunganisha kingo mbili za tanel, ule mfereji wa sakafu inamopita propela, ili bodi isijinyonge kwenye kona, na kwa gari isiyo na paa inasaidia kweli, sipingi, hata yangu ninazo. Ila nyingi ni bapa la alumini limepita chini tu, juu na pembeni kuko wazi, na mara nyingi limekaa mbali na krosi ya mbele, yaani kiungo kinachoiwezesha propela kujikunja inapozunguka.

Mnakumbuka gari ya mwenzetu siku ya traki ya pili. Krosi ya mbele ilikatika akiwa ndo anaachia klachi. Mimi mwenyewe ndo nililala chini ya ile gari ikiwa kwenye stendi, nikaona bresi imepinda kama kijiko, tanel imetobolewa upande wa dereva na paipu ya breki imebonyea, ilibaki kidogo tu ipasuke. Kwenye kikombe cha krosi kulikuwa na unga mwekundu wa kutu, maana yake grisi iliisha zamani na hakuna aliyeangalia. Dereva alitoka mzima, namshukuru Mungu, lakini ule mwendo ulikuwa wa kuanzia tu.

Hesabu yenyewe ni hii. Injini yenye nguvu ya kusokota ya Nm 400 kwenye gia ya kwanza yenye uwiano wa 3.6 inapeleka karibu Nm 1,440 kwenye propela. Ukifika gia ya moja kwa moja na injini iko mizunguko 6,500 kwa dakika, propela nayo inazunguka 6,500, yaani zaidi ya mara 100 kila sekunde. Ikikatika mbele inaanguka, inachimba lami na inaweza kuinua gari, au inabaki inapiga sakafu huku miguu yako iko hapohapo.

Na hatukutunga sisi. NHRA, chama cha mashindano ya magari ya kukimbia mstari ulionyooka cha Marekani, kwenye robo maili wanadai kitanzi kwa gari ya sekunde 13.99 kushuka chini ikiwa na sliki (matairi ya mashindano yasiyo na kashata), za matairi ya barabarani ni zile zinazoshuka chini ya 11.49. Kiwe kimezunguka nyuzi 360, chuma cha unene wa robo inchi na upana wa inchi 2, kisizidi inchi 6 kutoka krosi ya mbele. Sisi tumechukua vipimo vyao vilevile ila tumebana zaidi, kwa sababu gari zetu nyingi zimeongezwa turbo ila propela na krosi ni zilezile za kiwandani. Aliyesema mwenyekiti anapata kitu kwenye vitanzi, naomba alete ushahidi kikaoni, mimi sijauza hata kimoja na jeki za ukaguzi zote zilikuwa zangu.

Kikaoni kwenyewe sasa. Tuko 47, kikao cha kupitisha uamuzi huu walikuja 9, afu wiki iliyofuata watu zaidi ya 20 wanalalamika kwamba hawakushirikishwa, inaniumiza sana. Ada, waliomaliza ni 19, waliolipa nusu 11, na 17 hawajalipa chochote, na kati ya hao 17 wapo walioingia traki mara zote nne. Wakaguzi wetu wanalala chini ya magari yenu bila malipo, tuwaonee huruma.

Mwakani Mungu akipenda tunatarajia kupata sehemu yenye shimo la ukaguzi, tukague kila krosi na bolti za bresi, na pengine mafunzo ya kuchomelea, tutaona mfuko utakavoruhusu.

Halafu stendi mbili za jeki hazikurudi baada ya ukaguzi wa mwisho. Ni zangu binafsi, nyekundu, moja ina pini iliyopinda, aliyenazo naomba aziache kwa mhazini kabla ya kikao kijacho.