Barua kwa Baba Neema: kabla hujailipia ile Crown

Tabata, Dar es Salaam

Ndugu yangu Baba Neema,

Salamu kwako, kwa Mama Neema na kwa watoto. Bibi mpe shikamoo yake. Picha za ile Toyota Crown nimezitazama zote, hadi ya buti. Umeuliza mawili: kama saluni kubwa ya cc 2500 inaweza kuwa gari la familia bila kukufilisi, na kama hiyo uliyooneshwa hapo Morogoro inafaa. La kwanza jibu langu ni ndiyo, kwa masharti. La pili picha haziwezi kulijibu, lakini ukifuata haya ninayokuandikia utalijibu mwenyewe ukiwa umesimama mbele ya gari.

Anza na hesabu ya watu. Ninyi ni watano: wewe, mama, watoto wawili na Bibi. Crown inabeba watano na hapo ndipo mwisho wake. Inasukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo sakafuni, katikati ya kiti cha nyuma, kuna tuta ambalo chini yake linapita propela shafti. Mtu mzima akikaa hapo hadi Dar atashuka magoti yakiuma, kwa hiyo weka mtoto katikati na Bibi pembeni. Vuta mikanda yote mitatu ya nyuma, ifunge na uifungue. Mikanda ya nyuma hukaa miaka bila kuguswa, mingine imezama chini ya kiti. Mkitarajia mtoto wa tatu, acha habari ya Crown leo hii, tafuta Noah.

Hesabu ya pili ni mafuta, na hii ndiyo inayowatisha watu mpaka gari la starehe kama hili likaangukia bei isiyopishana sana na ya gari dogo. Kwa 2500 iliyo nzima, mjini kama Morogoro weka kilomita 8 kwa lita. Foleni ya Dar itakushusha hadi 7 au 6. Barabara kuu, kwa mwendo wa 80 hadi 100, utapata 11 hivi. Ukitembea kilomita 30 kwa siku, siku 24 kwa mwezi, hizo ni kilomita 720, yaani lita 90. IST kwa safari hizohizo ingekula lita 58 au 60. Tofauti ni lita 30 na kitu. Zidisha kwa bei kikomo ya EWURA, ile inayotangazwa Jumatano ya kwanza ya mwezi, upate gharama halisi ya nafasi na utulivu unaoununua. Kama tofauti hiyo itakunyima usingizi, chukua IST bila aibu. Kama inabebeka, endelea kusoma.

Usinunue herufi. Utaambiwa "hii ni namba E" kana kwamba ni sifa ya injini. Herufi inaeleza gari lilisajiliwa lini hapa kwetu, haisemi lilitengenezwa lini wala lilitunzwaje. Crown ya 2005 yenye namba C iliyokaa kwa mtu mmoja mwenye nidhamu ya oili ni bora kuliko ya 2005 yenye namba E iliyokwisha badilisha mikono mara tatu. Tazama kibati cha chesisi: GRS180 ni 2500 ya kawaida, GRS181 ni 2500 inayovuta magurudumu yote manne, GRS182 ni 3000, GRS184 ni 3500. Kwa familia chukua GRS180. Zile kubwa zina nguvu ambayo hutaitumia, na hiyo ya magurudumu manne inaongeza vyuma vya kutunza mbele bila kukufaa kitu kwenye lami.

Sasa injini, maana hapo ndipo fedha yako itakapookoka au kupotea. Ni 4GR-FSE, V6 ya cc 2,499, ileile ya Mark X iliyoanza 2004. Hilo ni jambo jema, kwa sababu Mark X zimejaa nchini na spea nyingi za injini utazipata Gerezani, Kariakoo bila kuagiza. Inatumia cheni ya taimingi. Fundi akikudai fedha ya kubadili mkanda wa taimingi, jua hajawahi kuifungua injini hii, na usimwachie funguo.

Ugonjwa wake mkubwa unatokana na namna inavyopata petroli. Kwenye IST nozeli hunyunyiza petroli kwenye njia ya hewa, kwa hiyo valvu za kuingiza hewa huoshwa kila sekunde. Kwenye 4GR-FSE nozeli humwaga moja kwa moja ndani ya silinda. Valvu hazioshwi na chochote, huku mvuke wa oili unaorudishwa kutoka ndani ya injini ukipita juu yake na kuganda. Baada ya miaka yanajengeka masizi magumu kama ukoko wa sufuria. Asubuhi injini ikiwa baridi itatetemeka na kukosa moto, taa ya chek injini itawaka, na mashine ya kupimia itasoma kosa P0300, au P0301 hadi P0306, ambapo tarakimu ya mwisho ndiyo silinda yenye shida.

Hapo ndipo watu wanapouziwa koili sita mpya, vile vifaa vinavyozipa plagi umeme wa cheche. Usikubali haraka. Mwambie fundi ahamishe koili ya silinda inayolalamikiwa aipeleke silinda nyingine, afute kosa, kisha aendeshe. Kosa likihama na koili, koili ni mbovu. Likibaki palepale, atoe plagi aikague, na ikiwa safi, shaka iende kwenye masizi. Dawa za kumwaga kwenye tenki hazisaidii kwa tatizo hili, kwani petroli haipiti kule kabisa. Tiba ni kufungua menifoldi ya hewa (bomba linalogawa hewa kwa silinda), kuhakikisha valvu za silinda inayosafishwa zimefungwa, kuloweka kwa dawa, kukwangua na kunyonya uchafu wote kabla ya kuhamia silinda inayofuata. Ni kazi ya siku nzima, na gasketi za menifoldi ziwe mpya.

Ndugu wa masizi hayo ni ringi za pistoni kukwama, injini ikaanza kula oili. Hapa ndipo Crown nyingi zinapofia: oili inapungua kidogokidogo, mwenye gari anasubiri kilomita 5,000 ndipo afungue boneti, na injini inakauka katikati. Kuipima, injini ikishapata moto iache sailensi, yaani ikiwaka bila kukanyagwa mafuta, dakika 15, kisha mtu akanyage mafuta ghafla wewe ukiwa nyuma ya ekzosi. Moshi wa bluu ukitoka kama wingu, ringi au sili za valvu zimechoka. Mvuke mweupe wa asubuhi unaotoweka usikutishe. Fungua pia mfuniko wa kujazia oili: ukiona tope jeusi zito kama grisi, ondoka. Na mtu asikudanganye kwamba utaweka injini ya mtumba. Nayo ni 4GR-FSE ya umri uleule, na ringi zake huzijui.

Sikiliza pia. Sauti ya tik-tik-tik nyepesi wakati wa sailensi ni ya nozeli na pampu ya presha kubwa, ni ya kawaida. Mkwaruzo mzito wa chuma sekunde moja au mbili injini baridi inapowaka unatoka kwenye gia za VVT-i (mfumo unaobadili muda wa valvu kufunguka) kwenye kamshafti, na huo punguza bei au acha. Kwa hiyo mwambie muuzaji siku hiyo asiwashe gari kabla hujafika. Shika boneti kwa mkono. Ikiwa ya moto ulipofika, rudi siku nyingine.

Uliza kuhusu masega, kile kisafisha moshi kilicho ndani ya bomba la ekzosi. Wapo wanaoyatoa na kuyauza kwa madini yaliyomo, wakamwachia mwenye gari bomba tupu. Gari likinguruma kupita kiasi na kutoa harufu kali ya petroli, mtu aingie chini atazame. Na gari lililokula oili muda mrefu masega yake huziba, likakosa nguvu kupanda mlima.

Kwenye upoaji kuna kosa la mafundi wetu ambalo linaniuma sana: kutoa themostati (valvu inayodhibiti joto la injini) "ili injini isichemke". Injini ya sindano ya moja kwa moja ikifanya kazi ya baridi hunywa mafuta zaidi na hutengeneza masizi zaidi, yaani wanaongeza ugonjwa ule ule. Ukiona mshale wa joto unashuka gari likishika kasi barabara kuu, themostati haipo au imekwama wazi. Kagua wota pampu mbele ya injini; alama za waridi zilizokauka ni kulanti inayovuja. Tumia kulanti nyekundu au ya waridi ya Toyota, na kamwe usijaze maji ya kisima, maana chumvi yake inakula rejeta na pampu kutoka ndani.

Gia boksi ya gia 6 inatumia oili inayoitwa WS. Haina stiki ya kupimia. Kipimo hufanywa gari likiwa sawasawa juu, injini ikiwaka, oili ikiwa na joto la nyuzi 40 hivi, kwa kufungua plagi ya chini na kuacha ya ziada idondoke. Fundi asiyejua hilo atajaza kwa makisio. Matoleo ya mwanzo mengine yana gia 5, kwa hiyo asome kwanza maandishi kwenye plagi ya kujazia. Ukimwaga, hutoka kama lita 3 tu, nyingine hubaki ndani. Basi mwaga na kujaza, tembea wiki mbili, rudia. Unapolijaribu, gia ya 2 kwenda ya 3 isishtuke, na kutoka P kwenda D pasiwe na kishindo. Kikiwapo, anza na maunti (mipira inayoshikilia) za injini na gia boksi kabla ya kulaumu gia.

Chini ya gari, fedha nyingi huenda kwenye bushi za wishboni na bol jointi za mbele. Matuta na mashimo yetu hayazionei huruma. Pita kwenye barabara mbovu kwa kilomita 20 kwa saa, redio imezimwa, madirisha wazi. Kisha tazama tairi za nyuma upande wa ndani, sehemu ambayo mtu hainami kuiona; zikiwa zimelika pale tu, huenda bushi za nyuma zimekwisha. Ukikuta spesa ndefu, vile vipande vya kunyanyulia gari, toa. Zinaweka bol jointi kwenye pembe isiyo yake.

Nimeona kwenye picha ni Athlete, toleo la Crown la kimichezo, yenye tairi za 225/45R18, yaani za rimu ya inchi 18. Ni nzuri kwa macho, lakini mpira ni mwembamba na rimu itapinda kwenye shimo la kwanza zito. Royal Saloon, toleo la starehe, ilivaa 215/60R16 au 215/55R17. Hizo za 17 ndizo ningekuvalisha: mzunguko wake unakaribiana na za 18, spidomita haitadanganya sana, na kuna nyama ya kutosha ya mpira kulinda rimu.

Karatasi ni fupi. Namba ya chesisi na ya injini zilingane na kadi, jina la kwenye kadi liwe la mtu anayekuuzia, angalia madeni ya faini kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi, hakiki stika ya bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima. Uhamisho wa umiliki ufanyike TRA kabla ya kumalizia fedha yote. Dai funguo mbili.

Ukishalichukua, usisafiri nalo kwanza. Tenga fedha ya wiki ya kwanza, ipo mfukoni kabla hujalipia gari. Oili ya 5W-30 halisi na chujio; inahitaji zaidi kidogo ya lita 6, kwa hiyo galoni la lita 4 peke yake halitoshi, na wengi huishia hapo. Plagi 6 za iridiamu za Denso au NGK, zikiwa halisi huenda hadi kilomita 100,000. Feki zitakusumbua mwezi wa pili. Chujio la hewa, oili ya gia, kulanti, mkanda wa mbele, oili ya breki DOT 3. Betri isitolewe ovyo, maana redio za Kijapani nyingi umeme ukikatika hudai diski ya ramani na kujifunga. Baada ya hapo, stiki ya oili kila Jumapili asubuhi, gari likiwa limelala baridi mahali palipo sawa. Kila kilomita 5,000 badili. Likianza kumaliza lita 1 kwa kilomita 1,000, niambie mapema.

Tenki lisishuke chini ya robo. Pampu ya presha kubwa haipendi uchafu wa chini ya tenki, na ile ya ndani ya tenki hupozwa na petroli yenyewe.

Nitumie picha nne zaidi: kibati cha chesisi, ndani ya mfuniko wa oili, tairi za nyuma upande wa ndani, na mpira wa pedali ya breki. Dashibodi ikisema kilomita 70,000 na mpira wa pedali umelika hadi chuma, kilomita zimerudishwa, na bei tutaizungumza upya.

Wako,
Baba Asha