Barua kwa mwanangu aliye Nairobi: hiyo bakuli si yangu

Mwanangu, marahaba. Ile voisi yako ya Jumapili nimeiskiza mara tatu, ya kwanza nikicheka, zilizobaki hapana. Simu yangu unaijua, ikikatika katikati usidhani nimenuna.

Ati umeanzisha maombi ya lanchi hapo ofisini, wakaja wawili, wiki ya pili akaja mmoja na huyo mmoja alikuwa anatafuta pa kuchajia simu. Babangu, nimecheka mpaka mahamri yakaniungulia. Halafu ukasema heri wangekupinga, shida yao hawajali, ukitaja kanisa wanakuangalia kama mtu anayeuliza kaseti zinauzwa wapi.

Hapo nimekuelewa. Wewe umekulia Kisauni, Mombasa hii, adhana ya alfajiri ndiyo ilikuwa alamu yako ya shule. Hapa mtu akikuuliza dini yako anataka kujua akualike lini na akupikie nini. Kubishana tumebishana sana lakini kwa baraza hii sijaskia mtu akisema Mungu ni mambo ya kizamani, hiyo umekutana nayo huko na sisi hatukukufunza utaijibu vipi. Ingawa hata huku imefika, jirani yetu naye analia mwanawe haswali tena, jioni tunakaa wawili, yeye na tasbihi yake mimi na uzi wangu, tunalalamika vilevile. Sensa ya 2019 walioandika hawana dini Kenya nzima walipita laki saba, na mimi naona kuna wengine wengi walioandika Mkristo kwa kuwaogopa mama zao.

Na usiniambie ni simu imewaharibu. Unamkumbuka yule rafiki yako mliyekuwa mkicheza boli pamoja Mishomoroni? 2023, wakati wanafukua miili Shakahola, na si mbali, ni Kilifi hapo tu, watu zaidi ya 400 wametolewa kwa ule msitu, watoto wengi, waliambiwa wafunge mpaka wafe ndio wamuone Yesu, basi siku moja kijana akaja hapa, akaketi jikoni kwa kile kibao cha mbuzi, akaniambia mama mimi kanisani sitii mguu tena. Unajua nilifanya nini? Nilichukua Biblia. Chai ilikuwa inachemka hapo kando, iliki inanukia nyumba nzima, sikumpa. Nikamsomea manabii wa uongo kama kwamba yeye ndiye mshtakiwa, akanisikiza kwa adabu, akaaga. Mpaka leo akiniona stegi anavuka barabara. Hii sijawahi kukwambia, nilikuwa naona haya.

Sasa wewe wataka kuacha ati huoni matunda. Matunda ya wiki mbili, weee! Kila siku ulikuwa ukishuka Kengeleni, kwetu ni stegi tu, lakini ile kengele yenyewe ni ya Frere Town, walipowekwa watumwa walioachiliwa huru tangu 1875, ikipigwa watu wajue wakamataji wanakuja. Na kabla ya hapo yule mmisionari Krapf alifika Mombasa 1844, mwaka huohuo akamzika mkewe na kitoto kichanga, kaburi liko Nyali. Mwenzake Rebmann akamfuata 1846 wakapanda Rabai, na wa kwanza kubatizwa akawa Mringe, maskini kiwete, yuko kufani. Miaka kama mitano, mtu mmoja, naye anakata roho! Rebmann alikaa mpaka 1875 akarudi kwao kipofu. Sikwambii ukae Westlands mpaka upofuke, hiyo laptopu itakumaliza macho yenyewe. Walikuwa na makosa yao pia wale, mengi ya Wamijikenda waliyadharau, tusifichane. Lakini Krapf alianza kwa kukaa chini ajifunze lugha, na kitabu cha Mwanzo alipoanza kukitafsiri kwa Kiswahili aliyekaa naye kumsaidia alikuwa kadhi wa hapa. Kadhi! Alikubali kufunzwa na mtu ambaye hakuwa amemuamini Yesu wake.

Sasa skiza voisi yako wewe mwenyewe. Umeongea dakika saba za maombi ya lanchi, halafu mwishoni, kama sekunde kumi hivi, ukataja yule dada wa meza ya karibu ambaye babake anasafishwa figo mara mbili kwa wiki na huwa anatoroka kazini kumpeleka. Ukapita tu, ukarudi kwa chumba cha maombi! Hiyo si ndiyo huduma yenyewe? Mshikie kazi zake hizo saa anazotoka, siku moja mpeleke wewe huyo mzee, ujue hata jina lake. Biblia iache mkobani, beba nauli.

Simaanishi ujifiche. Akikuuliza unafanya haya kwa nini, mwambie ni Yesu, kwa jina, usizungukezunguke. Ile ya kusema naishi tu vizuri wataona wenyewe, mwanangu, mara nyingi ni uoga umevaa suti. Na zile risiti feki za teksi ulizosema kila mtu anajaza, wewe usijaze, hiyo hatujadili.

Hayo maombi ya lanchi endelea, hata kama ni wewe na chaja.

Nimekutumia mzigo kwa basi ya usiku, mahamri arubaini, kachiri, na mabuyu mekundu, ni mengi makusudi, yapeleke ofisini na yule dada mtengee ya babake, mahamri peke yake, mabuyu na kachiri kwa mgonjwa wa figo usithubutu. Bakuli ya kifuniko cha bluu ni ya jirani, alituletea na biriani ya Iddi na mimi tangu tuhamie hapa sijawahi kumrudishia chombo kitupu, kwa hivo ukija Disemba uje nayo, na uje na kitu ndani.

Mamako