Sidiria baada ya upasuaji wa titi: kwa nini hatuipimi mapema

Mama aliyetoka kuondolewa titi hutaka blauzi yake ikae sawa Jumapili inayofuata, na ana haki hiyo. Kazi yetu hapa Moshi ni kushona sidiria na matiti bandia ya kitambaa, lakini ile ya kudumu tunamwomba aisubiri. Kifua bado kinabadilika. Kipimo cha wiki ya pili hakifai tena wiki ya nane, na fedha inakuwa imeshapotea.

Swali letu la kwanza ni umefanyiwa upasuaji gani. Wengine huondolewa titi lote. Wengine huondolewa uvimbe na nyama kidogo inayouzunguka, titi likabaki; hawa kwa kawaida hupata mionzi, kwa sababu chembe za saratani zisizoonekana huweza kuwa zimesalia. Aliyeondolewa titi lote naye huweza kuhitaji mionzi, hasa uvimbe ukiwa mkubwa au saratani ikiwa imefika kwenye tezi za kwapani. Tuambie pia kama tezi hizo zilitolewa, maana ndizo zinazoamua tukate vipi mikanda na ubavu wa sidiria.

Siku za mwanzo kuna mrija wa kutolea majimaji. Hutokea ubavuni, pale pale unapopita ukanda wa sidiria. Madaktari wengi huutoa majimaji yakishuka chini ya mililita 30 kwa saa 24. Hadi hapo vaa shati la vifungo vya mbele, tukushonee mfuko wa ndani wa kuwekea chupa. Kanga iliyokazwa kifuani huuvuta mrija. Baada ya kutolewa, majimaji huweza kujikusanya tena, ukagusa uvimbe unaocheza kama mfuko wa maji. Usiubane kwa nguo, rudi hospitali.

Kidonda kikifunga, na daktari akiruhusu, unafaa sidiria ya kwanza: pamba tupu, bila waya, vishikizo mbele kwa sababu mkono bado haufiki mgongoni, na ndani yake titi jepesi la pamba.

Mionzi ndiyo inayovuruga vipimo kuliko kitu kingine. Kwa miaka mingi wagonjwa wengi wa Kilimanjaro wamesafiri zaidi ya kilomita 500 hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Ratiba ya miaka mingi ni vipindi 25 kwa wiki tano. Siku hizi vipindi 15 kwa wiki tatu hutumika sana. Utalala mkono umeinuliwa juu ya kichwa, kwa hiyo bega lililokakamaa huchelewesha matibabu. Ukiruhusiwa mazoezi, pandisha vidole ukutani kila siku na utie alama ya chaki ulipofikia. Alama watakazokuchora kifuani usizisugue, na usipake mafuta yoyote bila kuwauliza wanaokutibu.

Ngozi huwa nyekundu au nyeusi zaidi, huwasha, pengine huchubuka, hasa kwapani na chini ya titi. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba hali hii hufikia kilele wiki moja au mbili baada ya kipindi cha mwisho, mtu akiwa ameshafika nyumbani. Wakati huo acha sidiria, vaa fulana pana ya pamba. Kwa aliyeondolewa uvimbe tu, titi lililobaki huvimba kwanza, kisha kwa miezi huweza kusinyaa na kupanda juu kidogo. Huyo tunamshonea kipande cha kujazia kinachobadilishika.

Titi bandia lenye uzito hupimwa kuanzia wiki ya sita hadi ya nane baada ya upasuaji. Aliyepata mionzi husubiri ngozi ipone kabisa. Uzito tunaupata kwa maji: jaza bakuli hadi ukingoni, liweke ndani ya beseni, zamisha titi lililobaki, pima maji yaliyomwagika. Mililita 600 ni karibu gramu 600. Bila uzito, sidiria hupanda upande mmoja. Kwa kujazia uzito huo mchele haufai, hushika unyevu wa jasho na kuota ukungu. Tunatumia chembe za plastiki zinazofulika.

Kwa aliyetolewa tezi, mkanda wa bega uwe na upana wa sentimita 3 au zaidi na vidole viwili vipite chini yake. Mkanda mwembamba kama wa sidiria nyingi za mtumba pale soko la Memorial hukata bega na kuzuia maji ya mwili kupita. Pete ikianza kubana, au mkono huo ukizidi mwenzake kwa mzunguko wa sentimita 2 mahali pamoja, mwone daktari kwanza. Ukiwa mwekundu, wa moto, na una homa, nenda siku hiyo hiyo.

Ukija kupimwa, vaa blauzi isiyobana na ulete gauni moja unalolipenda, tuone shingo yake inashuka hadi wapi.