Kwa Nini Hatupimi Gesi ya Shamba kwa Siku Moja

Mteja wetu mmoja, mkulima wa miwa upande wa Masindi, Uganda, amelalamika kwamba tulimtoza safari kumi na nane kwa kazi ya kupima gesi zinazotoka kwenye udongo wa shamba lake, kazi ambayo, kwa maoni yake, ingemalizika kwa safari moja. Si wa kwanza kusema hivyo, na kwa kuwa neno alilotumia ni wizi, nimeona nieleze kazi yenyewe.

Nitrojeni haitoki ardhini kwa kiasi kilekile kila siku. Wakati wa kiangazi udongo hautoi karibu chochote, lakini mvua ikinyesha juu ya mbolea, bakteria huanza kazi, na siku chache hizo zinaweza kutoa sehemu kubwa ya nitrasi oksaidi, gesi yenye nitrojeni ndani yake, ya msimu mzima. Kwa hiyo baada ya mbolea na baada ya mvua kubwa tunakwenda karibu kila siku, kisha tunapunguza hadi mara moja kwa wiki. Mradi mmoja uliwahi kutusihi tupime siku moja tu, mwezi wa Februari, wakati wa kiangazi, nasi tukakubali, jambo ninalolijutia hadi leo: ripoti ilionyesha kwamba shamba halipotezi kitu, wafadhili wakaikataa, na kazi yote ikarudiwa msimu uliofuata kwa bei kamili.

Njia nyingine ya mkato ni kuchukua sampuli mbili badala ya nne kwa kila chemba, yaani sanduku lenye kifuniko linalofunikwa juu ya udongo ili kunasa gesi. Sisi huchukua mwanzoni, kisha dakika ya 15, ya 30 na ya 45, kwa sababu nukta mbili hukupa mstari ulionyooka hata kama mpira wa kifuniko unavuja, ilhali nne huufichua uvujaji huo. Kila sampuli ya mililita 20 husukumwa kwa bomba la sindano ndani ya chupa ya mililita 10 iliyoondolewa hewa, hivyo gesi hubanwa humo. Fundi wa maabara akiitoboa chupa hiyo lazima asikie gesi ikifyonya kutoka. Asiposikia, chupa imevuja na tunaitupa, bila kumtoza mteja.

Wengine huuliza mbolea yao ya yurea imekwenda wapi ikiwa tumepata nitrasi oksaidi kidogo. Yurea iliyomwagwa juu ya udongo bila kufukiwa hupotea zaidi kama amonia, gesi inayonata kwenye kuta za chemba, na ndiyo maana amonia hupimwa kwa mitego ya asidi, ambamo asidi huinasa gesi hiyo, na hiyo ni huduma tofauti yenye bei yake. Gesi ya nitrojeni yenyewe hatuipimi kwa chemba hizi kabisa, kwani asilimia 78 ya hewa ni gesi hiyohiyo, na nyongeza ndogo inayotoka ardhini haionekani bila mbolea yenye nitrojeni 15, yaani aina nzito ya nitrojeni inayoweza kutofautishwa na ile ya hewani, ambayo ni ghali mno.

Anayetaka vipimo vya mvua za Machi atuite mapema Februari, ili fremu za chemba zipigwe ardhini na udongo utulie kabla ya mbolea kuwekwa.