Barua kutoka Moshi

Moshi, 20 Julai

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu sana, na goti lako nalo nalisalimu, maana ndilo lililokubakiza Tanga. Ulisema mlima Kilimanjaro ni wa wenye magoti. Basi nimeenda na nimerudi, kaa nikusimulie uone kama maneno yako yana msingi.

Kwanza usije ukanitangazia huko kwamba nimefika kilele cha Uhuru. Nimekwenda kwa siku moja tu: kuingia lango la Marangu asubuhi, kuukatiza msitu hadi kituo cha Mandara, na kushuka jioni ileile. Mandara ni mita 2,700 hivi, kilele ni mita 5,895. Hata nusu sikugusa.

Shangazi alitaka nijiunge na kundi la wanachuo tugawane gharama. Nikakataa. Mimi na vijana wa chuo kwenye mlima! Wangekuwa wananingoja kila kona kwa ile heshima ya kumngoja mgonjwa. Nikatafuta kiongozi wa peke yangu, kwa sababu hata kwa matembezi ya mchana huingii hifadhini bila kiongozi mwenye leseni. Nikapata baba mmoja wa makamo, mzaliwa wa hukohuko Marangu. Bei iliniuma, sikufichi. Lakini nilisimama nilipotaka, nikauliza hadi maswali ya kitoto, na hakuna aliyeguna.

Tena alianza kazi kabla ya lango. Njiani akasimamisha gari anionyeshe kihamba, shamba la nyumbani la Wachagga: migomba juu, kahawa chini yake, na pembeni mfereji mwembamba wa maji ambao wenyewe wanauita mfongo, uliochimbwa na mababu kuyateremsha maji kutoka mlimani hadi mashambani. Kwenye mpaka wa shamba kumepandwa masale. Akasema hapo zamani mtu aliyekukosea akija na jani la sale mkononi, kumkatalia msamaha ni aibu kubwa. Nikamkumbuka yule jirani yetu wa kuku. Huyo angehitaji shamba zima.

Pale langoni kuna kumbukumbu ya Yohani Lauwo. Mwanaidi, shuleni tulikariri Hans Meyer, 1889, Mjerumani wa kwanza kileleni, tukapata alama zetu tukafurahi. Kumbe Lauwo huyu, kijana Mchagga wa Marangu, ndiye anayesemekana kumwongoza Meyer njiani. Kiongozi wangu alilitaja jina lile taratibu, kama mtu anayemtaja babu yake, kisha akaenda kutuandikisha kwenye daftari la wageni.

Msituni ni baridi na giza la kijani, na kila tawi limefuga ndevu. Wapagazi walitupita na mizigo kichwani, wakisalimia bila kuhema. Huku wanawaita wagumu, na baada ya saa moja ya kupanda nilielewa ni kwa nini. Tuliona mbega wawili, ile mikia yao myeupe inaning'inia kama kanga zilizoanikwa. Akanionyesha pia ua dogo jekundu na njano lililojikunja kama mkonga wa tembo, akasema halioti popote duniani ila mlima huu. Nikainama kulitazama, na kwa kweli nilikuwa napumzika. Alijua, akanyamaza.

Ni kama kilomita nane kwenda. Njia ni pana na imetengenezwa vizuri, lakini kuna ngazi za mizizi na matope, na hapo goti lako lingelalamika. Ndipo aliponipa hadithi ya Kibo na Mawenzi, vilele viwili vya mlima huu. Mawenzi alikuwa mvivu, kila mara moto wake unazima, anakwenda kwa Kibo kuomba makaa. Mara ya kwanza akapewa na chakula juu. Aliporudi tena na tena, Kibo akashika mchi akamtwanga, na ndiyo maana Mawenzi amechongoka vile hadi leo. Nilicheka nikasahau ngazi kumi nzima.

Mandara tulifika saa saba mchana. Tukala haraka, kisha tukasogea hadi kreta ya Maundi, shimo la volkano ya zamani, robo saa tu. Kukiwa na uwazi, mtu husimama pale akaona Kibo na Mawenzi upande mmoja, na nyanda za Kenya upande mwingine. Mimi niliona ukungu. Mweupe, mzito, wa kukatwa kwa kisu. Kiongozi wangu alionyesha kwa kidole, "Kibo kiko pale," akauelekeza ukungu, nami nikaitikia kwa adabu.

Kushuka ndiko kulikonitesa, mapaja yalitetemeka hadi langoni.

Asubuhi ya pili nimetoka uani kwa shangazi, mswaki mdomoni, nikainua macho. Kibo hicho hapo, theluji yote, hakina hata wingu la kujifunika. Bure kabisa! Nikasimama na povu langu, nikaanza kutafuta kwa macho msitu ulikoishia, nijue mimi nilikomea wapi.

Ukija Desemba, njoo na kitambulisho cha taifa, maana wananchi wana kiwango chao cha kiingilio, na viatu vilivyokwisha kuzoea miguu yako. Namba ya yule baba ninayo. Nimeshamweleza habari za goti, akasema mtaanza mapema zaidi, na mtakapochoka mtageuza.

Nisalimie mama na watoto.

Shoga yako,
Rehema