Barua kwa mdogo wangu anayetaka kuacha kazi akifika miaka 40

Mdogo wangu, habari za huko. Nimeamua nikuandikie hapa wazi kwa sababu wasap huwa unanijibu na kidole gumba afu unapotea, na pia naona vijana wenye mpango kama wako wamekuwa wengi, huenda na wao wakajikuta humu ndani. Shangazi, mama yako, kanipigia. Hajakasirika, ameshangaa tu, anasema alikuomba uje Tanga sikukuu ukamjibu "mama, safari haipo kwenye bajeti", sasa ananiuliza mimi hiyo bajeti ni nani, ni mchumba au ni bosi.

Usianze kununa kwanza. Kijana wa miaka 27 anayejua kila shilingi yake imeenda wapi, hadaiwi na mtu, hajui hata ofisi za kausha damu zinafananaje, mi nakuheshimu kabisa na shangazi nimemwambia hivyohivyo. Kinachonisumbua ni ile hesabu yako. Umenitumia lile faili lako nimelikalia usiku mzima na nakwambia kuna mahali umechanganya mambo ya Marekani na ya Benki Kuu ukapata uji ambao sio wa huku wala wa kule.

Twende taratibu. Hiyo kanuni ya asilimia 4 unayoisikia kwenye video, kwamba ukikusanya mara 25 ya matumizi yako ya mwaka basi umemaliza kazi, ilitoka kwa mshauri wa fedha mmoja wa Marekani, William Bengen, mwaka 1994. Yeye alichukua hisa na hati fungani za Marekani (hati fungani ni pale unapoikopesha serikali hela yako kwa miaka kadhaa nayo inakulipa riba), akaangalia mstaafu akitoa asilimia 4 mwaka wa kwanza na baada ya hapo akiongeza kufuata mfumuko wa bei, je hela itamfikisha miaka 30. Miaka 30. Ni mtu anayestaafu na sitini na kitu huyo. Wewe unataka kuacha kazi na 40, na ukoo wetu unavyopenda kuishi, bibi kafika tisini anatembea mwenyewe hadi gengeni, utahitaji hamsini na zaidi.

Sasa hapo ndo ukapiga kona. Ukasema we unatumia laki tano kwa mwezi, yani milioni 6 kwa mwaka, mara 25 ni milioni 150, ukaona ni nyingi. Ukakuta toleo moja la hati fungani ya serikali ya miaka 25 linatoa kama asilimia 12, ukaandika kwa rangi nyekundu MILIONI 50 INATOSHA, kwa vile asilimia 12 ya milioni 50 ni milioni 6. Hesabu ya darasani iko sawa, tena hiyo riba inaingia kila baada ya miezi sita na haikatwi kodi, sibishi. Lakini kuponi, yani hiyo riba, haiongezeki mdogo wangu! Ukipewa milioni 6 mwaka wa kwanza ni milioni 6 hadi mwaka wa 25, na mchele hautakusubiri. Bei zikipanda asilimia 4 tu kwa mwaka, ikifika mwaka wa 18 hivi milioni 6 yako inanunua nusu ya inachonunua leo, na ile milioni 50 utakayorudishiwa mwishoni itakuwa na nguvu kama ya milioni 19 za sasa. Na hiyo 4 ni kwa wema wa Mungu, we ulikuwa mdogo hukumbuki, mwishoni mwa 2011 mfumuko wa bei hapa ulikaribia asilimia 20, muulize shangazi sukari ilikuwaje.

Kwahiyo kama kuponi ni 12 na bei zinapanda 4, cha kula ni 8, ile 4 inarudi kununua hati nyingine. Hapo ili ule milioni 6 unahitaji milioni 75 kwa uchache. Na hata hiyo 12 sio ya milele, mwaka 2022 Benki Kuu ilishusha ile ya miaka 25 kutoka karibu 16 hadi 12 na nusu, waliokuwa wamepanga maisha yao yote kwa 16 lakini wakaja kununua baada ya hapo wakakuta meza imebadilishwa. Mi ningekushauri ubaki na lengo la milioni 150 na uchukulie hela yako itakua asilimia 5 juu ya mfumuko wa bei. Tuwe waoga.

Sasa sikiliza utamu ulipo. Kwa mshahara wako wa milioni moja na robo mkononi, ukiweka asilimia 60 kama unavyofanya sasa, kwa uoga huohuo, bila kuhesabu ulizokwisha weka, unafika baada ya miaka 12 na nusu. Ukiweka 50 unafika miaka 17, na hapo nimeshahesabu kwamba lengo nalo linapanda kwasababu unatumia zaidi. Tofauti ni miaka minne na kitu. Ukikubali kuongeza hiyo miaka minne unapata laki moja na ishirini na tano zaidi kila mwezi, miaka yote, kuanzia mwezi huu. Hiyo ni nauli ya Tanga. Ni mishkaki ya Ijumaa na wenzako wa ofisini ambao saivi wameacha hata kukuita. Ni Jumapili kupanda pantoni kwenda Kigamboni kuogelea, ni tiketi ya mzunguko pale Mkapa siku ya dabi (hata kama timu yako ndo hiyohiyo ya wananchi, Mungu akusamehe). Hivi kweli unaona bora uzikomboe hizo nne ukiwa na arobaini, na hizi za ishirini na kitu, magoti yakiwa mazima na mama yako yupo hai, uzipitishe chumbani unakula ugali dagaa unaangalia video za watu wanaosafiri?

Afu unabana pasipotakiwa. Kila elfu thelathini unayotumia kwa mwezi inaongeza lengo lako milioni 9, sawa, umeniandikia hiyo kama silaha. Ila kodi yako ya nyumba je? Laki moja na nusu kwa mwezi, unalipa miezi sita kwa mkupuo, hiyo peke yake imekula milioni 45 ya lengo. Halafu baba yako mdogo alipokwambia kuhusu kiwanja ukamjibu nyumba ni mtaji uliolala. Huyo jamaa wa kwenye video anasema hivyo kwa sababu kwao nyumba ni mkopo wa miaka 30 benki. Huku watu wanajenga kwa tofali, leo mia mbili, Desemba nondo, mwakani bati, wanahamia haina silingibodi na maisha yanasonga, na kuanzia siku hiyo ile laki na nusu haitoki tena. Sisemi ukajenge kesho, wala sisemi kila kiwanja ni dili, viwanja vya utapeli ni vingi mno na kesi za ardhi zinazeesha watu. Nasema usikifute kwenye faili.

Na kuna kitu umekisahau kabisa ambacho ni kizuri. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Kila mwezi inaingia asilimia 20 ya mshahara wako, sehemu yako na sehemu ya mwajiri, na kwenye faili lako haipo popote. Ni kweli hutaigusa hiyo pensheni kabla ya 55, lakini maana yake hizo hela zako nyingine sio lazima zikubebe hadi kaburini, zikubebe kutoka 44 (yani 27 yako na ile miaka 17) hadi 55 kisha zipate msaidizi. Hapo presha inashuka sana. Ila upande wa pili ukiacha kazi mapema michango inakatika, na bima ya afya ya ofisini inaondoka na kitambulisho cha ofisi, hilo nalo liwekee mstari wake maana hospitali za hapa mjini unazijua.

Jingine, umefunga karibu kila kitu kwenye hati fungani. Ndio zinauzwa kwenye soko la hisa ukizihitaji, lakini sio za kuuza saa nane usiku mtu yuko emejensi. Weka matumizi ya miezi mitatu minne mahali panapotoka haraka, UTT, wale wa mifuko ya uwekezaji ya pamoja, wana mfuko wao wa Ukwasi, unaweka kidogokidogo na ukitaka kutoa hawakuzungushi wiki nzima. Wewe ulichonacho cha haraka ni elfu themanini kwenye simu. Elfu themanini, mtu mwenye milioni kumi na moja za serikali! Nimecheka afu nimeogopa.

Michango sasa. Najua hapa ndo umekunja ndita. Nakubali kabisa kwamba kadi za sendofu na kitchen pati zimezidi, mtu hujasalimiana naye toka kidato cha nne anakutumia kadi ya laki moja dabo, hizo puuza na usijisikie vibaya, mi mwenyewe huwa nakaa kimya hadi harusi ipite. Lakini umejitoa hata kwenye grupu la ukoo la misiba, elfu kumi kwa mwezi. Baba yangu alipofariki, mdogo wangu, lile grupu ndo lililokodi basi, likalipa chakula siku tatu, likalipa kila kitu, mama hakutoa hata mia. Wamarekani kwenye hesabu zao wana bima za kila aina wanazolipia. Yetu sisi ni hiyo elfu kumi na kuonekana msibani umeshika sufuria. Isome kama bima, iweke kwenye mstari wa bima, usiiweke kwenye mstari wa "upotevu" kama ulivyoandika. Shangazi asijekuona hilo neno.

Kwa hiyo fanya hivi. 60 iwe 50, na hiyo tofauti iwe na jina kwenye faili, andika "maisha", na mwezi ukiisha haijatumika usiihamishie kwenye uwekezaji, itumie. Mwezi huu na ujao usinunue hati nyingine, jaza kwanza huo mfuko wa haraka. Grupu la ukoo nimeshaongea na mweka hazina, anakurudisha ukilipa miezi uliyoruka, hana maneno. Tanga nenda mwisho wa mwezi, usimwambie shangazi kama mimi nimekwambia, na upeleke mkate wa mofa anaoupenda.

Afu kuna ile hela ya kikoba cha ofisini, uliyoitoa mwezi wa tatu kabla ya kuvunja na wakakukata faida. Nani alikushauri? Kama ni yule jamaa yako wa sarafu za mtandaoni nijibu leoleo, tena kwa kuandika, usiniletee dole gumba.

Dada yako.