Potwe mmoja, boti tisa

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Kibiti. Umri wote huu nimekaa mkoa wa Pwani bila kukanyaga kisiwa cha Mafia, na gati la Nyamisati la kuvukia huko liko wilayani kwetu! Januari hii mjukuu wangu akanikomalia: "Babu, twende tukaone potwe." Potwe ndiye yule papa mkubwa sana mwenye madoa. Tukavuka.

Asubuhi tulitoka Kilindoni kwa boti ya mashine. Bahari shwari, kijana mmoja kasimama omoni anatafuta kivuli majini. Alipoonyesha kidole tulimkuta potwe anakula, mdomo wazi kama kapu, anameza maji na vidagaa. Mgongoni madoa meupe yamejipanga safu kwa safu. Wenzetu wa Kenya humwita papa shilingi, na kwa kweli jina limemkaa. Mjukuu wangu, ambaye nyumbani hanyamazi hata akiwa anakula, alinyamaza.

Kisha zikaja boti nyingine. Nilihesabu tisa, pamoja na yetu, zimemzunguka samaki mmoja, mashine zinanguruma. Watu wakajitosa kama wanagombea daladala. Mgeni mmoja akamshika mkia. Potwe akazama, hatukumwona tena. Nahodha wetu akasema tu, "Keshachukia huyo."

Wengi, nami nikiwemo, tulidhani maji yote ya Mafia ni hifadhi. Sivyo. Hifadhi ya Bahari iliyotangazwa mwaka 1995 iko kusini na mashariki, kwenye Chole, Juani na Jibondo. Potwe hufuata chakula chake magharibi, mbele ya mji wa Kilindoni, na hapo kwa sehemu kubwa ni nje ya mpaka ule.

Ombi langu kwa wenye boti: ziende mbili mbili, mashine izimwe, abiria waambiwe kabla ya kujitosa kwamba samaki hashikwi. Wasisubiri askari. Pale stendi ya Kibiti vijana wa bodaboda wanapangana zamu wenyewe, na anayeruka foleni anakiona.

Tulilipia asubuhi nzima, tukamwona potwe kwa dakika nne hivi. Mjukuu anataka turudi Oktoba wakianza kuonekana tena. Nimemkubalia, ila safari hii kabla sijatoa nauli nitamuuliza nahodha kama huwa anazima mashine.

Mwalimu mstaafu,
Kibiti, Pwani